Simu ya Shemeji

Aliyempa jina la Waya ni dada yake. Walikuwa wangali wasichana wadogo, mkubwa akijulikana kwa kusuka nywele na kuimba, mdogo kwa kufungua redio ya baba na kuirudisha huku skrubu mbili zimembakia mkononi. "Huyu naye ni waya mtupu," dada akasema siku moja, "ukimgusa tu, shoti!" Jina likamganda. Hata alipomaliza chuo na kuajiriwa kutandaza nyaya za mtandao katika ofisi za watu, akipanda ngazi, akitoboa dari na kushuka na vumbi kichwani, mtu akimuulizia kwa jina la kwenye cheti alijibiwa, "Huyo hatumjui. Labda unamtaka Waya?"

Dada aliolewa na fundi seremala wa upande wa pili wa kilima, kijana mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Mama hakumpenda sana mkwe wake. Alisema mtu asiyesema huwezi kujua anachowaza, na kwamba binti yake angeweza kupata mume wa mjini mwenye nyumba karibu na barabara. Lakini ndoa haina ushauri wa majirani. Wawili wale walipendana, wakapata mtoto wa kike, na mtoto alipoanza kukimbiakimbia mama yake akashika mimba ya pili.

Mimba hiyo ndiyo iliyoleta msiba. Alasiri moja dada alianza kutokwa na damu, nyingi, akiwa nyumbani. Magari hayakuwa yakifika pale kwao. Yaliishia barabara ya juu, na kuifikia barabara hiyo kulikuwa na njia ya mkato inayopanda mgongo wa kilima. Seremala alimwacha mtoto kwa jirani, akambeba mkewe mgongoni, akapanda. Alikuwa na simu, ila pale nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Kaka yake Waya, aliyekuwa dereva, alikuwa mjini na gari lake, na safari ya kuja pale haikuwa ndefu. Ilitakiwa simu moja tu.

Simu ile haikufika. Seremala alisema aliketi na mkewe juu ya kilima akapiga, ikakatika. Akapiga tena na tena, ikakatika. Mwisho akamlaza kwenye nyasi akakimbia mwenyewe kutafuta gari barabarani. Alipata lori la mchanga. Waliporudi na dereva wa lori, dada alikuwa hai bado, lakini hakufika hospitali.

Kwenye msiba ndipo maneno yalipoanza. Kaka alisema simu yake ilikuwa mkononi alasiri nzima na haikuita hata mara moja. Jirani mmoja akasema mtandao ulikuwepo, kwani mwenye duka la pale chini alipiga simu saa hizo hizo akaongea vizuri. Na dereva wa lori, bila nia mbaya, akasema alipoitazama simu ya seremala kule njiani aliona mistari ya mtandao imejaa tele. Basi. Kwa Mama hiyo ilitosha.

"Mtandao upo, simu ina chaji, na mtoto wangu anakufa," alisema mbele ya waombolezaji wote. "Kisha unaniambia ulipiga? Ulimpigia nani? Muongo wewe!"

Seremala alisema, "Mama, nilipiga." Hakusema lingine. Uchache wake wa maneno, ambao dada alikuwa akiupenda, siku ile ulimponza. Watu waliuona kama hatia.

Mama aliondoka na mjukuu wake. Alisema aliyeshindwa kumtunza mama hatamtunza mtoto, na hakuna aliyethubutu kumpinga mwanamke aliyekuwa ametoka kuzika. Mwanzoni seremala alikuwa akija kumwona mwanawe, anasimama mlangoni na kitu alichomchongea, mara kigari, mara kikapu cha mbao. Mama anapokea kile kitu na kufunga mlango. Baadaye akaacha kuja. Watu wakasema, mnaona? Naye Waya alinyamaza katikati. Hakuamini moja kwa moja kwamba shemeji yake ni muongo, wala hakuwa na la kusema kumtetea. Yeye alijua nyaya. Waya ukikatika, unaufuata kwa kidole mpaka unapaona palipokatika. Hewani utafuata nini?

Miaka ikapita. Waya alipoamua kurudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili, mitandao ya hali ya juu na mawasiliano ya simu yasiyotumia waya, aliwaambia watu kwamba kazi ya nyaya inakufa na yeye hataki kufa nayo. Ilikuwa kweli, ingawa si kweli yote. Darasani walikuwa wengi wadogo kwake, na siku ya kwanza ya kujitambulisha aliposema anaitwa Waya, kijana wa mstari wa nyuma akadakia, "Dada, umepotea chumba. Hapa tunasoma mambo yasiyo na waya!" Darasa zima likacheka, naye akacheka nao. Tangu hapo wakawa wanamwita Dada Waya na kumtunzia kiti cha mbele, karibu na soketi ya umeme, kwa sababu betri ya kompyuta yake ilikuwa imezeeka.

Masomo yalimtoa jasho. Alikuwa amezoea kitu anachoweza kukishika. Sasa alipewa mawimbi yanayogonga ukuta, yanayoruka bonde, yanayofika mara mbili na kujichanganya yenyewe. Na yote hayo yaandikwe kwa hesabu zinazojaza ubao kuanzia kushoto hadi kulia na kurudi tena. Mtihani wa kwanza alifeli. Alikaa kwenye ngazi za maabara na karatasi ile mapajani, akifikiria barua ya kuacha masomo, mpaka kijana yule mtani akaja kukaa pembeni yake. "Hata mimi nimefeli, Dada Waya," akasema. "Tofauti ni kwamba mimi nimezoea." Wakaanza kusoma pamoja, wanne, chumba cha maabara kikifunguliwa asubuhi wao wako mlangoni.

Mhadhiri wao wa mawimbi alikuwa mwanamama mfupi mwenye sauti ndogo mno, kiasi kwamba wanafunzi walimbandika jina la kipimo cha sauti: Dokta Desibeli. Alijua wanamwita hivyo. Ilimbidi kila mtu anyamaze ndipo amsikie, na labda ndivyo alivyotaka.

Siku moja Dokta Desibeli aliinua simu yake juu, akawaonyesha kioo.

"Hii mistari hapa juu inawaambia nini?"

"Nguvu ya mtandao," darasa likajibu.

"Ya nani?"

Wanafunzi wakazitazama simu zao.

"Inawaambia simu inausikia mnara vizuri kiasi gani. Haiwaambii mnara unaisikia simu. Mnara una sauti kubwa, una umeme, uko juu. Simu ina betri ndogo na iko mfukoni. Mtu mwenye kipaza sauti akiwa ng'ambo ya bonde, utamsikia. Wewe ukimjibu kwa mdomo mtupu, atakusikia?"

"Hatasikia."

"Basi unaweza kuwa na mistari yote na usiwe na simu. Hasa milimani. Simu inaweza kuuacha mnara wa karibu uliofichwa na kilima, ikadaka mnara wa mbali unaoonekana wazi. Inajiona imefika. Ukipiga, haifiki popote." Akageuka kuandika ubaoni.

Waya hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, mkono ulikuwa juu ya daftari. Wenzake walipotoka alibaki amekaa. Dokta Desibeli akafuta ubao, akakusanya vitu vyake, akamwona.

"Hujaelewa wapi?"

"Nimeelewa, Dokta," Waya akasema. "Tatizo ni kwamba nimeelewa."

Akamweleza. Alieleza kwa mara ya kwanza maishani mwake mambo ya kilima kile kwa mtu asiye wa ukoo, mpaka lile neno "muongo". Mhadhiri hakumpa pole ya haraka haraka. Alivuta kiti akakaa.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Lakini inawezekana si ushahidi. Unatafuta mada ya tasnifu, sivyo? Nenda kapime. Na kama utakuta kinyume, utakuja kuniambia kinyume. Utaweza?"

Waya alisema ataweza. Hakuwa na hakika.

Alikwenda likizo ilipofika, na simu za aina mbalimbali kwenye mkoba, zikiwemo zile kuukuu za vitufe, pamoja na kompyuta yenye programu inayoonyesha simu imeshika mnara upi. Kabla ya kupanda kilima alipita karakana ya shemeji yake. Alimkuta anasawazisha ubao kwa randa, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Seremala alimtambua mara moja, lakini hakuacha kazi mpaka randa ilipofika mwisho wa ubao.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji. Nimekuja kukuomba kitu kigumu. Nionyeshe pale ulipopigia simu."

Seremala alimtazama yeye, akautazama mkoba. "Miaka yote hii. Leo ndiyo mmekumbuka kuja kunipima?"

"Sikuja kukupima wewe. Nimekuja kuipima simu."

Alikung'uta vumbi la mbao mikononi, akatangulia. Walipanda, wakapita nyumba ya mawe iliyobomoka, Waya akisimama hapa na pale kupima. Njia ilikuwa imeota majani, kwani barabara mpya ilikuwa imeshapita chini na watu hawakuwa na haja tena ya mkato ule. Juu kabisa, mahali kilima kinapofunguka na kuonyesha bonde lote hadi milima ya upande wa pili, shemeji alisimama. "Hapa," akasema, akaangalia chini kwenye nyasi, kisha akaangalia kando.

Waya alitoa simu moja moja. Zote zilijaa mistari. Alifungua kompyuta: zote zilikuwa zimeuacha mnara wa karibu, uliokuwa nyuma ya mgongo wa kilima, na kushika mnara mwingine, mbali, ng'ambo ya bonde, unaong'aa juani kama sindano. Akapiga. Ikaandika kwamba inapiga, ikakaa kimya, ikakatika. Akapiga kwa nyingine. Ikakatika. Akapiga kwa zote, tena na tena, akiandika matokeo kama alivyofundishwa, mpaka herufi zikaanza kumchezea machoni akashindwa kuandika.

"Ndivyo ilivyokuwa ikifanya," shemeji akasema nyuma yake. "Hivyo hivyo."

"Ulipiga, shemeji."

"Mimi najua nilipiga. Ninyi ndio mlikuwa hamjui."

Hapo Waya alilia, naye seremala akakaa kwenye jiwe akisubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua. Kisha akauliza swali ambalo Waya alikuwa ameliombea lisiulizwe.

"Na ningesimama wapi?"

Waya alikuwa ameshapima wakati wa kupanda, hiyo ndiyo kazi aliyojifunza, kupima njia nzima. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema popote, kilima chote ni kibovu, na pengine ingekuwa huruma. Lakini mtu huyu alikuwa ameishi miaka chini ya uongo wa watu wengine, na hakutaka kumwongezea wa kwake hata ukiwa mtamu.

"Pale kwenye ile nyumba ya mawe iliyobomoka," akasema. "Tulipoipita. Ukuta unauziba mnara wa mbali, simu inarudi kwenye mnara wa karibu. Pale inakwenda."

Seremala aliiangalia nyumba ya mawe. Ilikuwa karibu sana, ungeweza kumwita mtu aliye pale na akageuka.

"Nilipumzika pale," alisema. "Nilimshusha pale nikapumua. Simu ilikuwa mfukoni. Nikasema, nifike juu kabisa, juu mtandao ni mzuri zaidi."

"Kila mtu angesema hivyo. Hata mimi ningesema hivyo, shemeji, na kazi yangu ni mitandao."

"Ndiyo," akasema. Hakuonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alionekana kama aliyetua mmoja na kukabidhiwa mwingine papo hapo. Walipokuwa wakishuka, alipita kando ya nyumba ile bila kuigeukia.

Kumweleza Mama ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Waya alichora, akaeleza habari ya kipaza sauti na mdomo mtupu, akaonyesha michoro yake ya rangi. Mama alisikiliza huku akikunja nguo za mjukuu, akizikunja na kuzikunjua na kuzikunja tena.

"Umesoma," alisema. "Hongera. Elimu yako umeitafutia mteja wa kumtetea."

"Mama, simtetei mtu. Nimepima."

"Umepima simu. Mimi nilizika mtoto."

Akaingia chumbani. Kaka, aliyekuwa amekaa pembeni, alikuwa ameinamia magoti yake. "Nilisema simu yangu haikuita," akanong'ona. "Ilikuwa kweli. Kumbe kweli yangu nayo iliua mtu mwingine."

Yalipita majuma mawili matatu, Mama akimjibu Waya kwa mkato. Kisha asubuhi moja akatoka amejifunga khanga yake nzito na kuvaa viatu vya kutembelea. "Nipeleke," akasema. "Na kaka yako akae mjini na gari lake, simu mkononi, kama siku ile."

Walipanda polepole kwa ajili ya magoti yake. Pale juu Waya alimpa Mama simu yake mwenyewe, simu ambayo Mama aliitumia kila siku, ili asiseme vifaa vya chuo vina ujanja. Mama aliiangalia mistari imejaa. Alitafuta jina la mwanawe wa mjini kwa kidole, akapiga, akaiweka sikioni. Akasubiri. Akaitazama. Akapiga tena. Mama akapiga mara nyingi kuliko Waya alivyotegemea, safari hii akisogea upande huu, safari hii akiinua mkono juu, na kila ilipokatika uso wake ulizidi kuzeeka.

"Mwanangu alikuwa wapi?" akauliza. "Alilala wapi?"

Waya akamwonyesha.

Waliposhuka hadi nyumba ya mawe, Waya akamwomba ajaribu tena. Simu iliita mara moja tu kabla ya kaka kupokea. "Mama? Mama, nakusikia. Mama?" Mama alikuwa ameegemea ukuta, simu ikimwita kutoka mkononi, mpaka Waya akaichukua na kumwambia kaka yake, "Lilete gari karakana."

Seremala alikuwa mlangoni alipowaona wakishuka. Hakwenda kuwapokea, wala hakuingia ndani. Mama alisimama mbele yake, akihema.

"Nimetoka huko juu," akasema. "Nimepiga simu. Haikwenda."

Seremala akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono. "Kaa, mama."

"Sijaja kukaa. Nilikuita muongo mbele ya watu. Nitawaita watu wale wale, niseme mbele yao kwamba muongo hakuwa wewe."

"Watu wamekwisha kusahau, mama. Waache." Akakisogeza kigoda karibu zaidi. "Mimi namtaka mtoto wangu."

Ndipo Mama akakaa. Alikaa kwenye kigoda kile katikati ya maranda, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo, na kilichomtoka kilikuwa kidogo tu: "Ni wako. Nilikunyang'anya."

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na asikudanganye mtu kwamba ukweli ukitoka kila kitu kinajipanga. Msichana alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kutosha kumwogopa baba asiyemjua. Mara ya kwanza alipopelekwa kwake alilia akitaka kurudi kwa bibi, na seremala, kwa mikono yake ile mikubwa, akamrudisha mwenyewe jioni ile ile. Mara ya pili alikaa mpaka kesho yake. Baadaye likizo zikawa za kwa baba, na mwishowe siku za shule tu ndizo zikawa za kwa bibi, nyingine zote za kwa baba. Alijifunza kushika randa. Watu walisema ameurithi ukimya, lakini Waya alimwona ana ulimi wa bibi yake, ila anauweka akiba.

Tasnifu ilipita. Mmoja wa watahini aliuliza kwa nini mtafiti alichagua kilima kimoja kidogo kisicho na umaarufu wowote, na Waya akajibu kwamba ana ndugu huko. Dokta Desibeli akainamisha macho kwenye karatasi zake. Ni yeye aliyeyafikisha matokeo kwa wenye minara, na baada ya kuzungushwa sana antena ya ng'ambo ya bonde iliinamishwa kidogo, ikaacha kurusha sauti yake kilimani.

Siku hizi Waya anafanya kazi na wahandisi wanaopanga minara. Wanamheshimu, na wanamchoka pia. Wakileta ramani iliyopakwa rangi ya kijani kuonyesha kwamba mtandao umefika kila mahali, yeye huuliza nani kati yao amekwenda kusimama pale na kupiga simu. Wakinyamaza, anachukua viatu vyake vya kupandia, anakwenda mwenyewe.